Maji Yaliyomhamia Mama Akoru: Historia ya Marehemu Ebenyo Lokeno

Ejok, hamjambo, waombolezaji wote. Familia inaanza kwa kuomba msamaha, kwa sababu historia hii ilistahili kusomwa na mtu mwenye sauti ya kanisani na miwani ya heshima, lakini kikao cha mazishi kilichoka, kikaiangusha mikononi mwa Ruben, mdogo wake marehemu, ambaye kazi yake ni kuchekesha watu jukwaani, kwa hiyo pale atakapoharibu, na ataharibu, mlilieni marehemu, msimlilie msomaji.

Marehemu Ebenyo Lokeno alizaliwa hapa Nakwapoo, nje kidogo ya Kalemng'orok, akiwa kifungua mimba wa marehemu Mzee Lokeno na Mama Akoru, aliyeketi nasi hapa mbele, tarehe 1 Januari 1973 kwa mujibu wa kitambulisho, siku ambayo, tukikagua vitambulisho humu hemani, nusu yenu mlizaliwa pamoja naye, ingawa anachokumbuka Mama ni kwamba familia ilikuwa njiani kufuata maji, punda amebeba nyumba nzima, wakapumzika kidogo mtoto azaliwe, kisha safari ikaendelea.

Alianza shule ya msingi Kalemng'orok mwezi Januari 1982, baada ya ukame kumaliza mifugo ya baba yake na kumwacha bila cha kuchunga, akafanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1989, akaingia sekondari mjini Lodwar mwaka 1990, akaishia kidato cha pili. Wenye umri wetu mnakumbuka jioni zile za likizo, visima vya mchangani katika mto mkavu vikiwa na kina kupita kimo cha nyumba, watu wamesimama ngazi kwa ngazi ukutani wakipandisha karai mkono hadi mkono, Mama Akoru juu kabisa akipokea na kuimba, mbuzi wakisukumana nyuma yake, na Ebenyo, kwa wembamba wake, chini kabisa, kila karai likimmwagikia kichwani, ndiyo maana kijiji kizima kilikuwa na mtu mmoja tu aliyeoga kila siku.

Tarehe 3 Oktoba 1994 aliajiriwa Kakuma na shirika moja la maji, kwanza kufungua na kufunga mabomba katika kambi ya wakimbizi, baadaye akawa fundi wa pampu, na ni hapo bombani alipokutana na Abang, binti Mzee Yai, kutoka Sudan Kusini, asubuhi moja alipochelewa, Abang akamwambia mbele ya foleni nzima, "Wewe mtu wa maji, umelala na hiyo ufunguo?" naye akajitetea, "Dada, ufunguo ndiyo ililala," na Abang akamjibu, "Basi amsha, watoto hapana kunywa maneno." Tangu siku hiyo bomba la upande ule halikuchelewa tena, ingawa pande nyingine za kambi ziliendelea kungoja kama kawaida.

Walifunga ndoa kanisani Kakuma tarehe 19 Agosti 2000, baada ya mazungumzo marefu ambamo Mzee Yai alizungumza ng'ombe, wazee wetu wakazungumza ng'ombe, na pande zote mbili zikagundua kwa masikitiko kwamba safari hii zimekutana na watu wanaojua ng'ombe. Mungu aliwajalia watoto watatu, Lokeno mwaka 2002, Atiir mwaka 2005, na Sylviane mwaka 2009, aliyepewa jina la jirani Mkongomani aliyempokea duniani gari la hospitali likiwa bado njiani.

Mwaka 2006 alikuja nyumbani likizo, akakuta pampu ya mkono ya kijiji inapiga kelele kama punda anayeibwa, akaipaka grisi kwa moyo mweupe hadi ikanyamaza kabisa, na kesho yake akaamshwa na akina mama wamejaa mlangoni, wa kwanza wao mama yake mzazi, "Ebenyo, nani alikuambia pampu inaumwa? Mbona umeua sauti yake?" Kumbe kila mwanamke aliisikiliza pampu akiwa kwake, ikilia polepole anajua ni bibi kizee anapiga, ikilia haraka ni wasichana, ikinyamaza foleni imeisha, twende, na asubuhi ile iliponyamaza tu walienda wote kwa pamoja, wakagombana wote kwa pamoja. Fundi wetu alimaliza likizo akiifuta grisi kwa mafuta ya taa, akingoja kilio kirudi, na kiliporudi akina mama walipiga vigelegele.

Pampu hiyo ilikauka Septemba 2019, watu wakarudi kuchimba mchanga, naye akamsihi mama yake ahamie Kakuma, penye bomba mlangoni, lakini Mama Akoru, akiwa na miguu iliyokwisha kuchoka, alimwambia, "Mimi nimehamia maji tangu niolewe. Sasa maji nayo ihame kidogo." Neno hilo lilimwingia, akaomba kazi katika ofisi ya maji ya kaunti, akahamia Lodwar Februari 2020, na tangu hapo hakuwa na ombi lingine duniani ila mama yake anywe maji nyumbani kwake angali hai. Alibisha hodi kila mlango mpaka mabawabu wakamzoea kama jamaa, kisima cha kwanza kikatoa maji ya chumvi ambayo hata ngamia waliyaonea haya, cha pili, Juni 2024, kikatoa matamu, lakini mbali, nanyi hapa mkachukua majembe, mkaanza kuchimba mtaro wa kulaza bomba hadi kijijini.

Novemba 2024 madaktari wa Eldoret walikuta saratani ya ini, na Januari wakatuambia siku si nyingi, kwa hiyo yakawa mashindano, bomba na ugonjwa, nani afike kwanza. Kila aliyeingia wodini aliulizwa, "Mtaro umefika wapi?" hata Abang akamkaripia, "Baba Lokeno, uliza dawa kwanza," naye akasema, "Na hiyo dawa nitameza na nini?"

Jumamosi tarehe 8 Machi 2025 tulimleta hapa nyuma ya pikapu, juu ya godoro, watu wakataka yeye afungue, akakataa, akamwachia mama yake, bomba likakohoa hewa, likatema maji mekundu, kisha meupe, Mama Akoru akakinga kiganja, akanywa, kijiji kizima kikimtazama, akasema, "Haina ladha ya mchanga," akanywa tena, "lakini imehama kweli." Ebenyo alicheka mpaka akashika mbavu, akanywa kikombe kizima, akalala palepale kwenye godoro, usingizi ambao Abang anasema hakuwa ameuona tangu Krismasi. Alituacha alfajiri ya Alhamisi, tarehe 27 Machi 2025, mjini Lodwar.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Lodwar na Eldoret, wenzake kazini waliochangia damu na vichekesho, majirani mliochimba mtaro na juzi mkachimba kaburi, na wakwe zetu mliokuja kutoka Kakuma.

Ebenyo mwana wa Akoru, pumzika kwa amani, na ukisikia waombolezaji wananung'unika kwamba mapipa ya maji humu hemani ni makavu tangu asubuhi, tafadhali usinyanyuke kutafuta spana, bomba lako liko sawasawa, aliyepewa kazi ya kuyajaza ni huyu Ruben anayewasomea.