Aliyeanguka Sokoni Hakuwa Koleo

Tuwekeane dau. Naweka koti hili nililovaa, na ndilo koti zuri kuliko yote yaliyofika hapa leo, geukeni mjionee. Hakuna hata mmoja wenu atakayeamini kwamba marehemu kaka yangu, yule mliyemwona kwenye filamu akiwabana watu vidole kwa koleo, akiona damu alikuwa anazimia. Kuku wa nyumbani alichinjwa na mama. Kaka alijifungia chooni mpaka manyoya yaishe. Haya, anayeamini anyooshe mkono. Mnaona? Koti langu liko salama.

Kamati ya mazishi imeniambia nisome wasifu huu kwa heshima. Nitajitahidi. Lakini nina hasira, na nimekuja nayo mpaka hapa kaburini kwa sababu sikupata pa kuiacha.

Marehemu alizaliwa tarehe 11 Februari 1968, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba alikuwa mlinzi wa kiwanda, mama alikuwa mshonaji. Mimi ni wa tatu na ndiye mwenye sura. Hilo marehemu mwenyewe alilikubali, ingawa ilibidi nimkumbushe mara kwa mara.

Alimaliza darasa la saba mwaka 1982 akiwa wa nne darasani. Mimi niliishia la tano, nikamwambia mwalimu tumefundishana vya kutosha. Baba alinichapa, mama akalia. Jioni yake marehemu akanikalisha chini ya cherehani, akanifungulia magazeti ambayo mama alikuwa anakatia vipimo vya nguo, akaniambia, "Soma." Kipande kina mkono wa gauni, habari imekatwa katikati, nami nasoma hivyohivyo. Kwa hiyo mkinisikia leo nateleza bila kukwama, mwalimu wangu ndiye huyo aliyelala hapo. Nikikwama, ni macho.

Mwaka 1984 alianza kujifunza ufundi wa sofa, na mwaka 1995 akafungua karakana yake mwenyewe, pale mkabala na soko, mlango wa bati wa kijani. Wengi wenu mmekalia kazi yake na hamjui. Fundi sofa mikono yote miwili ina shughuli: huu umevuta kitambaa, huu una nyundo. Misumari anaiweka mdomoni, anaisukuma mmoja mmoja kwa ulimi. Ndiyo maana kaka alizoea kusema maneno machache, polepole, bila kufungua midomo. Hakuwa mkali. Alikuwa anaogopa kumeza msumari.

Sasa sikilizeni jinsi mambo yalivyoanza. Siku moja jioni muongozaji wa filamu alileta kiti cha ofisi kishonwe upya, kwa ajili ya filamu yake ya wapelelezi, *Faili Limeungua*. Alimkuta marehemu ameshika koleo, anang'oa misumari ya zamani, na ile mipya imejaa mdomoni. Marehemu akamtazama, akasema kwa sauti ile ya chini, "Karakana imefungwa. Njoo kesho."

Yule muongozaji aliniambia kwa mdomo wake kwamba nywele zilimsimama. Kesho yake alirudi, na hakuja kwa ajili ya kiti.

Ndiyo akazaliwa Koleo, mpelelezi mzee anayetesa watu chumba cha chini na kuuza mafaili ya kesi. Mama mwenye mtoto aliyepotea akija kuomba msaada, Koleo anamwambia, "Ofisi imefungwa. Njoo kesho." Mwishoni mpelelezi kijana anampiga risasi sokoni. Koleo anaanguka, anasema, "Nisaidieni jamani," na kijana anamwinamia, anamrudishia maneno yake mwenyewe: "Ofisi imefungwa. Njoo kesho." Filamu imekwisha.

Filamu hiyo ilitoka Agosti 2017. Siku ya kwanza tulikaa ukumbini ukoo mzima, safu mbili. Koleo alipoanguka, ukumbi ulisimama ukapiga makofi, miluzi, watu wakagonga viti. Shemeji yangu, mke wa marehemu, akamshika mumewe mkono. Marehemu akamnong'oneza, "Wanapigia makofi filamu, mama." Mimi nilikuwa nyuma yao. Nilisikia sauti za watu wale. Walikuwa wanapigia makofi kifo.

Gazeti moja liliandika kwamba huyu anatisha kwa sababu haigizi, hii ni sauti ya mtu aliyezoea kutesa. Kutesa nini, sponji? Mwandishi huyo hakufika karakana hata siku moja. Lakini watu walisoma, na wasiosoma wakasimuliwa, na mpaka Krismasi mtaa mzima ulikuwa umeamini kaka yangu ni polisi mstaafu aliyejificha kwenye masofa. Polisi wenyewe walimnunia, eti amewachafua. Vibaka ndio walimwamkia.

Mnajua alivyorudi nyumbani siku moja ameloa kuanzia kichwani? Mama mmoja ambaye kijana wake alipigwa kituoni mpaka akapoteza jicho alimwona njiani, akachukua ndoo ya maji machafu, akammwagia. Nikamwambia, "Twende sasa hivi, unionyeshe nyumba yake."

"Ukafanye nini?"

"Nikamweleze wewe ni nani."

"Nimeshamwambia pole," akasema, huku anakamua shati. "Haki anayo. Amekosea mlango tu."

Huyo ndiye Koleo wenu.

Nisisahau ndoa, shemeji ananitazama. Marehemu alifunga ndoa tarehe 6 Septemba 1997. Shemeji alimpata karakana, alipeleka kiti kimoja kutengenezwa mara nne. Mara ya nne kilikuwa kimevunjwa kwa nyundo, na simtaji aliyekivunja. Marehemu alikitengeneza tena bila kuuliza, akakipeleka mwenyewe hadi kwao, akakikalia. Walijaliwa watoto watatu.

Mwaka 2021 alianza kuchoka kwa vitu vidogo, miguu ikavimba. Daktari akapima, akasema moyo wake ni mkubwa. Nikamwambia daktari hiyo habari sisi tunayo tangu utotoni. Marehemu alicheka, daktari hakucheka. Akaanza dawa, akakatazwa kuinua masofa. Aliyainua.

Jumamosi tarehe 3 Juni 2023, asubuhi, alivuka barabara kuingia sokoni kununua uzi na nyanya. Katikati ya meza za nyanya na za vitunguu moyo ulimbana. Alishika meza, meza ikapinduka, akaanguka nayo. Akasema, "Nisaidieni jamani."

Na ninyi mkamjibu. Nasema ninyi, maana nusu ya soko iko hapa na kanga nyeusi. Mlimjibu kwa pamoja kama kwaya: "Ofisi imefungwa! Njoo kesho!" Mkapiga makofi. Mmoja akapaza sauti, "Rudia bwana, sisi wa nyuma hatujaona!" Mwingine, "Huyu mzee hajasahau kazi!" Simu zikainuliwa. Alikuwa anajipapasa kifuani kutafuta pumzi, na mtu akasema, "Tazama mikono, tazama mikono, anajua sana!"

Nyanya zilipondeka chini ya mgongo wake. Mlidhani hata zile amezipanga?

Aliyemsaidia ni mmoja, mchukuzi anayesukuma mkokoteni pale sokoni. Filamu ile hajaiona. Kwa hiyo yeye peke yake, sokoni kote, aliona mtu ameanguka. Alishusha viazi vya watu, akampakia, akasukuma mkokoteni mpaka hospitali huku anapiga kelele apishwe, na kuna waliokimbia pembeni yake wakiendelea kupiga picha. Walipofika, kaka yangu alikuwa ameshaondoka. Daktari alisema angewahishwa kidogo wangejaribu. Kidogo tu. Hicho kidogo ndicho mlichokitumia kupiga makofi.

Halafu kamati ikakaa kupanga programu hii. Mwenyekiti akamwambia binti wa mwisho wa marehemu, "Mwanangu, mbele tuweke ile picha ya filamu, yenye koleo. Ndiyo watu wanaijua."

Mtoto akamjibu, "Basi mzikeni huyo wa kwenye picha. Baba yangu niachieni."

Ndiyo maana mbele mnamwona na aproni, misumari mdomoni, anajaribu kucheka bila kumeza.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wawili, mdogo wake wa kike na sisi wadogo zake wawili wa kiume, mafundi wawili wa karakana, na sofa ya watu ambayo imebaki mkono mmoja kumalizika. Itamalizwa.

Sasa jambo la mwisho, na hili ni la mjane, mimi nasoma tu. Yule binti yuko hapa mbele, mwenye sweta ya bluu. Jumatatu alipokwenda shule kuomba ruhusa ya msiba, wenzake walimwonyesha simu. Ameona baba yake akifa, na amesikia makofi. Tangu siku hiyo akisikia watu wanacheka barabarani anaziba masikio. Mjane anaomba jeneza lisishuke mpaka kila mwenye video ile aifute. Hapa hapa, sasa hivi, amwonyeshe jirani yake kwamba imefutika. Wachimba kaburi wameshakubali kusubiri. Mimi nimekula, nimevaa koti, nina siku nzima. Toeni simu. Toeni, mbona Jumamosi ile zilitoka haraka?

Wewe mwenye kofia nyekundu, na wewe.

Asanteni. Bado huko nyuma.

Alale kwa amani kaka yetu, fundi wetu, na safari hii asijibiwe na mtu.

Kuna kitu kimoja nilikosea. Jumamosi ile jirani alinipigia simu kutoka sokoni, akasema kaka yako kaanguka. Nikamwambia, "Mwambie anyanyuke, sehemu ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi." Nikakata simu, nikamalizia chai yangu.