Mabeseni Mawili Langoni: Wasifu wa Dada Yetu, Profesa

Ndugu, jamaa na majirani, pale langoni kuna mabeseni mawili na brashi. Si ya kunawa mikono. Nitayaeleza zamu yake ikifika, maana dada yetu hakupenda mtu aruke hatua.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba hii hii mnayoiona, chumba cha kushoto, ambacho siku hizi ni stoo. Alikuwa kifungua mimba. Mimi ninayewasomea ni kitinda mimba, na wawili wa katikati walitangulia wakiwa wachanga. Baba naye hakukaa sana, hivyo mama alitulea kwa migomba iliyoanzia langoni mpaka mlango wa jikoni. Mama alikuwa na mkono wa kutoa. Aliyeomba chipukizi alipewa, na aliyeona haya kuomba alipelekewa kwake. Wengi wenu mlioketi hapa mna migomba iliyotoka kwa mama. Naomba mlishike hilo mpaka mwisho.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1964 katika shule iliyo ng'ambo ya bonde. Wakati huo mama alimtuma akatupe mahindi yaliyoota ukungu. Hakuyatupa. Aliyaficha kwenye kopo chini ya kitanda chetu, akawa anayachungulia kila asubuhi, mpaka harufu ikamsaliti.

"Wenzako wanafuga kuku, wewe unafuga uozo?" mama alimuuliza.

"Nataka kujua ukungu unakula nini, mama."

"Unakula mahindi yangu!"

Alichapwa, lakini kopo aliachiwa. Kutoka hapo alikwenda sekondari ya bweni, akaingia chuo kikuu mwaka 1977, kisha akasoma nje ya nchi na kurejea mwaka 1988 akiwa daktari wa magonjwa ya mimea. Hilo la udaktari lilimtesa. Kila alipokuja likizo, nusu ya kijiji ilimwonyesha migongo inayouma, naye akawaambia kwa upole kwamba angewasaidia zaidi kama wangekuwa maharage.

Alifundisha chuo kikuu kwa miaka thelathini. Kazi yake kubwa ilikuwa kuvu wanaoua mazao, hasa yule wa mnyauko wa migomba. Kuvu huyo hukaa ardhini, huingia kwa mizizi na kuziba njia za maji ndani ya shina, mgomba ukafa kwa kiu hata mvua ikinyesha. Dawa ya kumtibu hakuna. Akishaingia shambani, mjukuu wako atamkuta. Na husafiri kwa vitu vidogo: jembe, mche, tope la kiatu. Ndiyo maana dada aliweka beseni la dawa kwenye kila mlango wa kazi yake, wanafunzi wakamwita Profesa Beseni. Siku moja alikuja mkubwa mmoja mwenye viatu vya kung'aa, akakataa kukanyaga dawa. Dada alimletea kiti. "Karibu, mheshimiwa. Utaliona shamba vizuri tu kutoka hapo."

Tarehe 18 Agosti 1990 alifunga ndoa na shemeji yetu, fundi wa vifaa vya maabara, mnayemwona ameinama pale mbele. Walikutana kwa balaa. Fundi aliitwa kutengeneza friji, akakuta visahani vingi vyenye ukungu. Kwa roho yake safi akaviosha vyote kwa sabuni na kuvipanga vikauke. Ilikuwa kazi ya dada ya nusu mwaka. Alilia, akamfokea, na yule bwana akawa anarudi kila siku kuomba radhi hata friji ilipokuwa nzima. Walijaliwa binti mmoja. Katika nyumba yao, mpaka juzi, shemeji hakugusa chombo bila kuuliza kwanza.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo kamati ya mazishi iliniomba nilipitie juu juu. Yeye mwenyewe hakulipitia juu juu, basi nami sitafanya hivyo.

Mama alifariki ghafla Novemba 2011, jikoni. Simu ilimkuta dada kwenye shamba la utafiti, katikati ya migomba iliyokwisha kufa. Mtu ambaye hakuwahi kutoka shamba lile bila kubadili buti alikimbilia gari vile vile alivyo, akaendesha mpaka hapa. Alishuka langoni, akakatiza katikati ya migomba huku analia, akaingia kwa mlango wa jikoni. Hakuna aliyemtazama miguuni. Nani hutazama viatu vya mtu anayemlilia mama yake?

Mwaka 2013 mgomba wa kwanza ulinyauka karibu na lango. Ukafuata wa pili, na wa tatu, ikafuatana mstari mmoja kuelekea jikoni. Nikamwita. Alikata shina moja, akaona duara za kahawia ndani, akainua macho kuutazama ule mstari. Kisha akaketi chini kwenye tope. Alichukua vipande akavipima chuoni, halafu akanipigia.

"Mdogo wangu, nimeua shamba la mama."

"Acha hizo, dada. Ugonjwa huja na maji, huja na miche, huja hata na mbuzi wa jirani."

"Mbuzi wa jirani hajafika shamba langu la utafiti. Kuvu ni yule yule."

Angeweza kunyamaza. Sisi wengine tungesema ni mapenzi ya Mungu, maisha yakaendelea. Niliumia, sifichi, shamba lile ndilo lililokuwa riziki yangu. Lakini nilimwona yeye anavyoungua, nikaona maumivu yangu yana nafuu.

Alistaafu mwaka 2018, akarudi hapa na shemeji, akapanda aina kumi na mbili za migomba kwenye udongo ule ule mgonjwa, akitafuta walau mmoja utakaostahimili. Aliweka mabeseni langoni. Mimi mwenye nyumba nilisuguliwa viatu nikienda kununua chumvi. Migomba ilianguka mmoja baada ya mwingine, na kila ulioanguka aliung'oa na kuuchoma papo hapo. Mwaka huu ulipoanza, ulikuwa umebaki mmoja.

Figo zake zilianza kumsumbua mwaka 2021. Alikuwa akienda mjini kusafishwa damu, akirudi anapita kwanza shambani, ndipo aingie kulala. Mwezi Mei mwaka huu, 2023, alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani kinachotazama kamba za kuanikia mashuka. Nilipokwenda kumwona hakuuliza habari za nyumbani.

"Ule mmoja unaendeleaje?"

Nikajifanya napanga matunda mezani.

"Majani ya chini?"

Aliwahi kuniambia ukweli mgumu kuliko huo. "Moja limeanza manjano, dada."

Alifumba macho. "Ung'oeni. Mchome hapo hapo, msiupitishe njia ya watu." Halafu akasema, "Na mimi mnizike makaburi ya mjini."

"Mjini kuna nani? Mama yuko nyumbani."

"Nataka kulala kwa mama kuliko unavyojua. Lakini msiba huleta watu. Watakanyaga pale, waende kwao na tope. Migomba ya mama iliyobaki iko kwao tu. Nisije nikaimaliza na hiyo nikiwa ndani ya jeneza."

"Utalala kwa mama. Viatu tutaviosha sisi."

"Watu wa msiba hawaoshi viatu."

"Wataosha. Nitasimama langoni mwenyewe."

Alinitazama, akatazama yale mashuka. "Basi msugue kwanza," akasema. "Dawa haipenyi tope." Hapo nikajua amekubali.

Alifariki tarehe 14 Juni 2023, saa nne asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa shemeji. Alikuwa na umri wa miaka sitini na sita. Ameacha mume, binti mmoja ambaye ni fundi umeme, mjukuu mmoja wa kike, wanafunzi waliotapakaa kila mahali, na mimi mdogo wake, ambaye sasa sina wa kuniita mdogo wangu.

Mgomba wa mwisho niliung'oa na kuuchoma pale pale, kama alivyoagiza. Majivu yake ni yale mnayoyaona karibu na kaburi la mama. Hapa kwetu hakuna tena cha kuokoa. Kwenu kipo, na kimetoka mkononi mwa mama. Tumefungua lango moja tu, na kila anayetoka kurudi kwake atapita hapo. Beseni la kwanza ni la maji na brashi: sugua mpaka soli ionekane. La pili ni la dawa: simama humo mpaka nikwambie pita. Viatu vizuri si udhuru, na mtu asinionee haya kwa kuwa ni mfiwa. Nilimwahidi, naye ameletwa hapa kwa ahadi hiyo.

Dada, umefika kwa mama. Lala kwa amani. Viatu tutaviosha sisi.