Mama Msasa na Manyoya ya Blanketi

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, Mama Msasa anastaafu rasmi tarehe 30 ya mwezi huu. Mkuu wetu wa chumba cha vanishi anaondoka akiwa na afya njema, akili timamu na ulimi uleule uliotunyoosha sote. Nimeombwa niandike wasifu wake kwa sababu meza yangu ya kuunganishia samani imepakana na mlango wake, na hakuna aliyefokewa naye zaidi kuliko mimi. Hiyo naihesabu kuwa sifa.

Alianza kazi akiwa binti mbichi, akipiga msasa viti vya shule. Jina lake alilipata kwa tabia ya kufumba macho na kupitisha kiganja juu ya ubao. Akihisi kikwaruzo, kazi ilirudi kwa mwenyewe, awe nani awe nani. Fundi mkuu wa wakati ule alirudishiwa kitanda mara mbili, akanuna, kisha akamkabidhi brashi ya vanishi ili ajaribu yeye kama ni rahisi. Akajaribu. Fundi mkuu hakuidai tena brashi yake.

Adui mkubwa wa Mama Msasa ni unywele. Vanishi mbichi hunasa kila kinachopita hewani, na unywele mmoja ukikauka ndani yake, meza nzima inarudi kwenye msasa. Sasa fikirini hali yake siku mlinzi wetu wa usiku alipoingia na kitoto cha mbwa ndani ya koti, nacho kikakua kikawa Blanketi. Mbwa huyu amejaliwa manyoya ya tabaka mbili, marefu juu na mazito kama sufi chini. Majira yanapogeuka, mara mbili kwa mwaka, yale ya chini hung'oka kwa wiki kadhaa bila huruma. Tumeyakuta kwenye chai, kwenye gundi, na siku moja ndani ya tundu la kufuli.

Tulidhani atamfukuza. Badala yake alinunua brashi. Alisisitiza kwamba si kwa mapenzi bali kwa ajili ya vanishi yake, nasi tulikubali kwa adabu huku tukimwona akimpangusia masikio. Kila asubuhi ya msimu, kabla kazi haijaanza, alimchana nyuma ya stoo ya mbao, upande ambao upepo haurudi karakanani, na manyoya yote yaliingia kwenye gunia lililofungwa mdomo. Wizi wa mbao uliokuwa ukitusumbua usiku ulikwisha kwa kumwogopa mbwa, vanishi ikawa safi, kila mtu akaona mambo yamenyooka.

Mwaka juzi dada yake mkubwa aliugua, naye akachukua likizo katikati ya msimu wa manyoya. Fundi wetu wa mashine, baba wa watoto wanne na mtu mwenye nia njema kabisa, aliona kuchana ni kupoteza muda. Alimfunga Blanketi karibu na mlango wa chumba cha vanishi, akawasha mashine ya upepo tunayopulizia vumbi la mbao, akamwelekezea bomba mgongoni. Ikawa patashika. Mbwa alikata kamba akajichimbia chini ya rundo la mbao, na milango minane ya kabati iliyokuwa imetoka kupakwa vanishi ikaota manyoya. Mteja alikuwa anakuja kuichukua kesho yake.

Bosi hakupiga kelele, na hilo ndilo lililotutisha. Alisema tu kwamba mbwa atafutiwe kwingine kabla ya mwisho wa wiki. Mama Msasa alikatisha likizo, akaipiga msasa milango yote upya, kisha akaingia ofisini. Sisi tuliokuwa nje tulimsikia akiomba, na hatukuwahi kumsikia akiomba kitu. Bosi alilegeza kamba kwa sharti moja: Blanketi atabaki maadamu Mama Msasa yupo wa kumchana. Siku unywele ukionekana tena kwenye vanishi, mbwa anaondoka.

Kwa hiyo tarehe ya kustaafu ilipotangazwa, tena katikati ya msimu wa manyoya, watu walimpongeza mama huku wakimtazama mbwa. Kila mtu alijua nani mwingine angeondoka naye.

Yeye alimteua mapema mrithi wa kumchana Blanketi, na akatushangaza: fundi wa mashine. Alisema huyo ndiye pekee aliyejionea kinachotokea mtu akikosea. Tatizo ni kwamba Blanketi naye hakuwa amesahau. Akimwona tu fundi na brashi, alimpa kisogo na kurudi chini ya mbao. Mama Msasa akamwamuru mrithi wake akae chini, mikono mitupu, asubiri mpaka mbwa aje kwa hiari yake. Mtu mzima alikaa kwenye vumbi asubuhi baada ya asubuhi, huku sisi tukipita na kumuuliza kama amepoteza sarafu.

Mbwa alipokuja hatimaye, fundi alimchana kama fundi: juu juu, kwa kufuata mkondo, hadi akang'aa. Tukasifu. Mama Msasa akaingiza vidole, akafunua, na kule karibu na ngozi manyoya yalikuwa yamesokotana kama mkeka. Alituambia sote kwamba ubao unaishia juu, lakini mbwa anaanzia chini. Akamwagiza fundi agawanye manyoya kwa mkono, achane fungu kwa fungu, fundo alifumue kwa vidole badala ya kulivuta, na akimwogesha amkaushe mpaka kwenye ngozi. Fundi akaanza upya.

Siku hizo mama alikuwa mkali kupita kawaida. Aliniambia kwamba anafikiria kuomba mwaka mmoja zaidi, ingawa dada yake, ambaye sasa haoni vizuri, anamsubiri nyumbani. Niliumia. Mtu aliyefanya kazi kiasi hicho hakustahili kuchagua kati ya hao wawili.

Jumanne iliyopita alipaka vanishi meza ndefu ya mikutano, kazi yake ya mwisho. Wakati huohuo, nyuma ya stoo, Blanketi alilala ubavu mbele ya fundi wa mashine, akageuka, akampa tumbo, kitu ambacho hajawahi kumpa mwingine ila Mama Msasa. Kisha akakoroma. Jioni bosi alichukua taa, akainama, akaikagua meza kutoka ncha hadi ncha, nasi mashine zote tumezizima. Haikuwa na hata unywele mmoja. Akanyanyuka, akamkumbusha mtunza stoo asisahau chakula cha mbwa cha mwezi ujao.

Karakana nzima ilishusha pumzi. Mama Msasa aliketi juu ya ndoo akafuta macho, akasingizia harufu ya vanishi, harufu ambayo miaka yote haijawahi kumliza.

Mama Msasa, asante kwa kila kazi uliyoturudishia. Mpe dada yako salamu zetu, na umwambie atuwie radhi kwa kukuchelewesha. Tunakuombea afya, siku ndefu na usingizi mtamu wa mtu asiyedaiwa na yeyote. Nenda kapumzike bila wasiwasi. Blanketi ana mtu.