Bi Taratibu: Miaka Thelathini na Moja ya Kubembeleza Nati

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa tisa na nusu alasiri, fundi mkuu wa mashine za bustani katika idara yetu atavua ovaroli yake kwa mara ya mwisho, baada ya miaka thelathini na moja na miezi minne ya utumishi. Wengi wenu mnamjua kwa jina la Bi Taratibu. Msimamizi ameniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu wake kwa sababu dirisha la stoo liko hatua sita kutoka benchi lake, na kwa miaka kumi na tisa nimemwona mara nyingi kuliko ninavyomwona mke wangu. Nimekubali, ingawa tangu habari ya kustaafu kwake itangazwe sijapata usingizi wa kueleweka.

Aliingia hapa akiwa mfagiaji wa karakana. Siku hizo mashine ya kukata nyasi ikifa ilisukumwa nyuma ya jengo, ikanyeshewa mpaka kuku wa jirani wakaanza kutagia ndani yake. Fundi wa wakati huo alikuwa mtu wa nguvu na hasira. Akikuta nati imeshika kutu, alichomeka bomba refu kwenye mpini wa spana na kuliangukia kwa uzito wake wote. Nati isipofunguka, bolti ilikatika. Alikata nyingi kiasi kwamba watu walimwita Mkasi, na aliyevifagia vichwa vya bolti hizo kila jioni alikuwa Bi Taratibu.

Mchana mmoja, wenzake wakiwa kwenye mapumziko, alienda nyuma ya jengo, akaisugua mashine moja kwa brashi ya waya, akazidondoshea nati zake oili nyepesi, akazigongagonga kwa kinyundo, akaondoka. Alifanya hivyo siku nane mfululizo bila kugusa spana. Siku ya tisa nati zote nne zilifunguka. Mkasi aliiangalia mashine ile ikinguruma, na kesho yake ufagio alikabidhiwa mtu mwingine.

Tangu hapo daftari la karakana linaonyesha mashine mia mbili na kumi na saba zilizofufuliwa na mikono yake. Akishapata nafasi ya unywele kwenye nati, haifungui kwa pupa. Anairudisha nyuma, anaongeza oili, anaileta mbele tena, robo kwa robo, hata kama mtu amesimama pembeni akiangalia saa. Nati sugu kabisa huipasha moto, kisha huigusisha mshumaa ili nta iyeyuke na kuingia kwenye nyuzi za bolti. Mkaguzi mmoja alipoona idadi ya mishumaa kwenye stoo yangu aliniuliza idara ya bustani inasali wapi.

Kisa ninachotaka kukisimulia hasa ni cha mwaka juzi. Yeye mwenyewe ameniruhusu nikiandike. Ameniambia nisiponde wala nisipambe.

Likizo ndefu ilikuwa inaisha, na mvua ilikuwa imezidi. Katika shule ya watoto wasioona, tunayoihudumia, nyasi zilikuwa zimefika kiunoni, na mashine zetu mbili mpya zilikuwa zimekufa wiki moja. Jumatano mlinzi wa shule aliua nyoka karibu na kamba inayotoka bwenini kwenda madarasani. Watoto walikuwa wanarudi Jumatatu. Wafyekaji wanne walikuwa wameshaanza, lakini uwanja ule una ukubwa wa viwanja viwili vya mpira, nao walikuwa hawajamaliza hata kona moja.

Mwalimu mkuu alikuja karakanani mwenyewe. Ni mama mpole, hana kelele, na hilo lilituogopesha zaidi.

"Watoto wangu wanatembea kwa kushika kamba," alisema. "Kamba inawaonyesha njia. Nyoka haiwaonyeshi."

Mashine pekee iliyobaki ilikuwa ile kubwa kuukuu tuliyoiita Babu, iliyokaa chini ya turubai miaka kumi na moja. Injini yake iliwaka bila taabu kubwa. Tatizo lilikuwa kisu: kilikuwa na ufa, lazima kibadilishwe, na nati inayokishika ilikuwa imeungana na shafti, mhimili unaokizungusha, utadhani vimezaliwa pamoja. Kisu kipya nilikuwa nacho stoo. Shafti sikuwa nayo, na kiwanda kilichoitengeneza kilishafungwa. Ikikatika, basi.

Bi Taratibu alipofika Alhamisi mchana kutoka kazi ya nje, alimkuta mchomeleaji wetu na wenzake wawili wametoa jasho tangu asubuhi, bomba refu likiwa kwenye spana. Hakuwasalimia. Alipiga magoti, akasugua ncha ya shafti kwa brashi, akamulika kwa tochi.

"Nani amekuwa akiikaza hii?"

"Hatuikazi, Bi mkubwa, tunaifungua," mchomeleaji akasema.

"Mnaikaza. Uzi wake ni wa kinyume, unafunguka upande ambao nyingine hukazwa."

Mchomeleaji aliketi juu ya tairi, akashika tama. Nusu siku nzima wanaume watatu walikuwa wameongeza ugumu juu ya kutu.

Petroli ikamwagwa yote uani, oili ikawekwa, tukasubiri. Ijumaa jioni tulijaribu. Haikutikisika. Mwalimu mkuu alipiga simu mara tatu siku hiyo, na mara zote mimi ndiye niliyepokea. Nilimwambia imebaki kidogo. Ukweli ni kwamba ilikuwa haijaanza.

Jumamosi asubuhi tulikuwa wawili tu, yeye na mimi. Nilidhani ameniita nimpokeze vifaa. Alivua glavu na kuniwekea mikono mbele. Ncha za vidole zilikuwa nyeupe kama chokaa, na kwenye kimoja kulikuwa na kovu bichi la moto.

"Hii niliungua juzi," alisema. "Nilijua nilipoona moshi."

Sikumwelewa.

"Vidole vimekufa ganzi, mdogo wangu. Tangu mwaka jana. Mashine zimenitikisa miaka mingi. Spana naiona mkononi, lakini siihisi."

Nilimuuliza nani mwingine anajua. Akasema mimi ndiye wa kwanza kujua. Alikuwa na hofu kwamba wakubwa wakijua watamrudisha kwenye ufagio. Alilisema hilo huku akitazama mlango, kana kwamba wamesimama nje wanasikiliza.

"Kwa hiyo leo mkono utakuwa wako," alisema.

"Dada, mimi ni mtu wa stoo."

"Stoo haijakukata mikono. Sikiliza. Nati ikiachia, utasikia mlio mkavu, halafu mkono utakwenda mwepesi. Shafti ikitaka kukatika, kwanza inakuwa laini, kama unavuta mpira. Ukihisi ulaini huo, acha hapo hapo. Usingoje nikuambie, maana mimi sitajua."

Aliipasha nati moto, akaigusisha mshumaa. Nta ikayeyuka na kuvutwa ndani, kidogo tu. Nikashika spana, nikavuta upande alionionyesha. Chuma kilikaza, kikakaza, kisha, sijui nieleze vipi, kikaanza kunikubalia. Kilikuwa kinapinda. Niliiachia spana kwa woga, ikaniangukia mguuni.

Nilitegemea atanikemea. Alisema, "Vizuri. Hapo ndipo Mkasi alipokuwa hasikii."

Tulirudia. Moto, mshumaa, kinyundo kuizunguka nati, kuvuta. Mara ya pili ulaini ule ulikuja mapema zaidi, na nikaacha tena. Saa ilikuwa imefika nne. Simu iliita ndani ya ofisi mpaka ikanyamaza yenyewe. Bi Taratibu alisimama mikono ikiwa kwapani, anaipasha joto, anafikiri. Sikuwahi kumwona amekosa la kufanya.

Kisha akasema, "Sasa ikaze."

"Niikaze?"

"Kidogo tu. Walikuwa wanaikaza wale, wakaishia njiani. Mahali popote ikitikisika, kutu itakuwa imevunjika."

Nilivuta upande usio wake, nikijua kabisa kwamba nikikosea, Jumatatu watoto watapita kwenye nyasi zile. Pakatoka mlio. Mkavu, mfupi, mkali. Nilijua nimeikata. Nilisimama na spana mkononi, sithubutu kutazama chini, wala yeye hakutazama shafti. Alitazama uso wangu, kwa sababu hakuwa na njia nyingine ya kujua.

"Umesikia nini?"

"Mlio."

"Na mkono?"

Ilinibidi nifikirie. "Mwepesi," nikasema.

Bi Taratibu aliketi chini, palepale kwenye sakafu yenye oili, akafunika uso kwa zile glavu. Halafu akainuka na kuniamuru niongeze oili na nisijifanye bingwa, kwa sababu safari bado ndefu. Robo mbele, robo nyuma, nati ilitoka saa sita kasorobo. Jumapili Babu alikata uwanja wote, na wafyekaji waliomtangulia kuchungulia nyasi walikuta nyoka wengine wawili. Jumatatu watoto walirudi. Sikuwepo kuwaona. Nilikuwa kitandani na homa.

Siri ile niliibeba mwezi mzima, na kila alipowasha mashine moyo wangu uliruka. Mwishowe nilimwambia aende kwa daktari au mimi niende kwa msimamizi. Alinikasirikia wiki mbili, kisha akaenda. Daktari alimkataza kabisa kushika chombo kinachotikisika. Msimamizi naye, badala ya kumpa ufagio, alimpa mafundi watano awafundishe.

Kwenye mkutano wa wafanyakazi uliofuata, Bi Taratibu alisimama bila kuitwa, akavua glavu mbele ya watu sabini, akaeleza yote. Alipomaliza aliuliza kama kuna mwingine ambaye vidole vyake huwa vyeupe asubuhi. Kisha mkono mmoja ukanyooka nyuma, na wa pili karibu na mlango. Wote wawili wametibiwa mapema. Leo hakuna mtu wa idara hii anayeshika mashine ya kutikisika zaidi ya dakika ishirini bila kumpokeza mwenzake, na mishikio yote imefungwa mpira. Kwa maoni yangu hiyo ni kazi kubwa kuliko mashine zote mia mbili na kumi na saba.

Sasa anakwenda kuishi na dada yake mkubwa, ambaye ameshamwonya kwamba mlango wa jikoni una bawaba iliyoshika kutu. Sisi tunabaki, na nakiri kwamba nina wasiwasi. Jumanne iliyopita nati ya mashine ya kusaga matawi iligoma. Nilikimbia uani alikokuwa anakunywa chai, nikamwambia mchomeleaji amekwama na kazi inatakiwa mchana. Hakuinuka.

"Kaa chini," alinijibu. "Wanajua."

Nikakaa. Tulisikia kinyundo, kikanyamaza. Tukasikia moto wa gesi. Halafu kimya kirefu, na nikaanza kuinuka, akaniwekea mkono begani. Kutoka ndani ukaja mlio mkavu, na baada yake mchomeleaji akicheka peke yake. Bi Taratibu alimalizia chai yake.

Dada, kwa niaba ya karakana nzima, ahsante kwa kila ulichotufundisha na kwa kutuonyesha mikono yako. Mungu akupe afya, asubuhi zenye joto, na watu wa nyumbani wasio na haraka. Uende salama, uishi kwa raha.