Mdomo wa Gunia

Benchi letu la Endasak ni ubao mmoja wa mgrivea uliolazwa juu ya mawe mawili, kando ya barabara, pale bodaboda wanaposubiri abiria. Wanaokaa ni wale wale. Yupo Lameck, fundi cherehani, tunamwita Mita. Yupo Tadei, tunamwita Waziri kwa sababu amegombea uenyekiti wa kitongoji mara tatu na mara zote amepata kura za ukoo wake tu. Yupo Renatus wa bodaboda, huyo ni Profesa, mwenye simu inayojua kila kitu. Mimi wananiita Bambo, kwa ajili ya kile chuma changu chenye ncha na mfereji ninachotobolea magunia ya maharage kabla sijanunua. Kahawa anauza Kornelia. Mwisho wa benchi pana nafasi ya kaka yake, Yonas, ambaye tangu azike mke wake baada ya Pasaka hajakanyaga hapa. Siku hizi hapo naweka bambo langu.

Asubuhi ile ya mnada, simu ya Profesa ikaita. Alikuwa dada Irene, mtafiti wa chuo aliyekuja mwezi uliopita kupima upweke. Profesa akaweka spika tusikie wote. Dada akasema majibu yametoka: katika kata tano, yetu ndiyo yenye upweke mdogo kuliko zote. Kwa hiyo yule mshauri wa mambo ya akili, aliyekuwa aje akae zahanati miaka miwili, atapelekwa kata nyingine. Ahsanteni kwa ushirikiano.

— Tumeshinda! Waziri akaruka. Namba moja kata tano! Hata kwenye mpira hatujawahi.

— Kwa hiyo haji, Kornelia akasema.

— Nani?

— Mshauri.

— Aje kufanya nini, dada yangu? Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa mwenyeji keshapona, mgeni apite zake.

Kornelia aligonganisha vikombe kama anayetaka kuvivunja.

— Lakini jamani, Mita akasema, hivi alitupataje sisi? Kata ina maelfu ya watu, akachagua arobaini tu.

— Kompyuta hiyo, Profesa akajibu. Inaingizwa majina yote, inayachanganya kama karata, inatema arobaini. Hakuna upendeleo.

— Na ikatutema sisi wanne wa benchi moja?

— Bahati, aisee.

— Acha hizo. Mimi fundi. Ukitaka kujua robota la kitambaa, unakata kipande. Yule dada alitazama nyuso, akakata pale penye maua.

— Mnajisumbua, Waziri akasema. Ni setilaiti. Kila asubuhi inaona doa jeusi mahali pamoja, hapa kwa Kornelia. Wakubwa huko wakauliza, hilo doa ni nini? Irene akatumwa.

— Setilaiti inaona kupitia ukungu wa mlima huu?

— Unadhani kwa nini alikuja na mwavuli?

Hapo nikachemka. Sipendi uongo, hata wa mchezo.

— Setilaiti gani! Mvua ilikuwa inanyesha, njia ya bondeni matope matupu, pikipiki hazipiti. Dada wa watu akajibanza chini ya turubai la Kornelia na karatasi zake. Sisi ndio tuliokuwepo. Basi!

— Sawa, Mita akasema, lakini sisi ni wanne. Wale thelathini na sita?

— Si alituambia kila mmoja ataje wenzake? Wewe ulimtaja nani?

— Wewe.

— Mimi nilishaulizwa!

— Ndiyo maana nikamtaja Waziri.

— Na mimi, Waziri akasema kwa fahari, nikataja kwaya nzima. Sauti zote nne.

— Mimi timu ya bodaboda, Profesa akasema. Pamoja na wa akiba.

Kwaya na timu ya mpira. Ndio walioulizwa kama wana watu wa kuongea nao.

Kornelia akaweka birika chini.

— Wewe Bambo. Ukinunua maharage, unachungulia mdomo wa gunia?

— Mimi mjinga? Mdomoni wanaweka mazuri, katikati wanaficha takataka. Natoboa chini, natoboa katikati, natoboa ubavuni.

— Na gunia la Endasak huyo dada alilitoboa wapi?

Nikalitazama bambo langu. Mimi niliyewahi kufukuza watu na magunia yao mbele ya mnada mzima, nilikaa pale juu, mdomoni mwa gunia, kama punje iliyopepetwa, nikajaza karatasi, nikapewa mche wangu wa sabuni, nikashukuru. Swali la saba liliuliza kama nina mtu wa kumweleza shida zangu. Niliandika: wengi.

— Usimsakame Bambo, Waziri akasema. Asiyekuwepo na lake halipo. Hao wapweke wangetaka kuulizwa, wangekuja hapa wakae na sisi.

— Wangekuwa wanakuja kukaa na ninyi, Kornelia akauliza, wangekuwa wapweke?

Nilimpokonya Profesa simu, nikapiga.

— Dada Irene, rudi. Kuna watu hujawafikia.

— Baba, walihitajika arobaini, na arobaini wametimia.

— Wametimia wa juu! Gunia hujalitoboa!

Simu ikakatika. Sijui mtandao, sijui yeye.

Ndipo akafika mzee Gidahosh, mfugaji wa kule uwandani, fimbo begani, ametoka kuuza beberu mnadani. Tukainuka.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, wanangu.

Akatazama mwisho wa benchi, pale penye chuma changu.

— Yonas yuko wapi? Huu mnada wa tatu simwoni.

— Yuko nyumbani, mzee, Mita akasema. Anapumzika.

Waziri, asiyejua kunyamaza, akamweleza habari njema: binti wa chuo, kata tano, sisi namba moja, upweke hapa hakuna. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

— Vizuri, akasema. Na Yonas alimwambia nini huyo binti?

Profesa akaitazama simu yake inayojua kila kitu. Mita akaanza kuokota uzi kwenye suruali. Nyumba ya Yonas inaonekana kutoka pale tulipokaa: bati lenye kutu, mlango wa bluu, umefungwa. Chini ya meza ya Kornelia ilikuwepo sahani aliyompelekea kaka yake jana, imerudi na makande yake yote.

— Mzee, wahenga walisema... Waziri akaanza. Nikamkazia macho, akaumeza methali yake.

— Mama, tuongezee kahawa basi, Profesa akasema kwa sauti ndogo.

— Imekwisha.

Lakini birika lilikuwa zito mkononi mwake, tuliliona. Akachukua vikombe vitatu, akavuka barabara kuelekea mlango wa bluu, na mzee Gidahosh nyuma yake.

Nikaliondoa bambo pale mwisho wa benchi, nikaliweka chini, miguuni pangu.