Bi Chumvi na Nyanya Nono za Bwaloni

Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, Mpishi Mkuu wa bwalo la chuo chetu atavua aproni na kustaafu baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi. Katika barua za ofisi ana jina refu la heshima. Jikoni anaitwa Bi Chumvi, na ukimwita kwa lile jina refu hugeuka kutazama ni nani ameingia.

Aliajiriwa kuosha vyombo. Masufuria ya enzi hizo yalikuwa makubwa hata ilibidi ayainamie mpaka kiunoni, na wapishi wa wakati ule walimtania kwamba siku moja watamfunikia humo. Aliosha huku akitazama na kujifunza, akapanda ngazi moja moja: mkata mboga, mpishi msaidizi, mpishi, kisha mwenye funguo. Waliomtania ndio waliokuja kumwomba ruhusa ya kutoka mapema.

Siku ya kwanza kazini alikuja na kifurushi cha mbegu za nyanya, alichopewa na shangazi yake aliyemlea. Nyuma ya jiko palikuwa na kipande cha ardhi kilichojaa makopo na vigae. Alikisafisha wakati wenzake wakinywa chai, akapanda. Miaka ilivyokwenda, wanafunzi na wauza mbegu walimletea aina nyingine, mpaka pakawa na ukoo mzima wa nyanya nono, zile ambazo moja hujaza kiganja cha mtu mzima na ukiikata unakuta nyama tele.

Asiyezijua huziona zote sawa, na huyo Bi Chumvi hana subira naye. Waridi, yenye rangi ya jina lake na ngozi nyembamba, ni ya mkate. Kipande kimoja kinene hufunika mkate mzima, na sharti iliwe siku ile ile iliyochumwa. Moyo imechongoka chini na ina mbegu chache, kwa hiyo ndiyo ya mchuzi mzito. Ukiipa moto mdogo na muda wake, haidai nyanya ya kopo ya dukani. Mbavu ina mikunjo nje na uwazi ndani, basi hukatwa kofia, hujazwa wali na nyama ya kusaga, kisha huokwa. Jua ni ya manjano na haina ukali mwingi. Hiyo aliwawekea wahadhiri wanaolalamikia kiungulia, ingawa yeye anasema kinachowasumbua ni kula mbiombio.

Halafu kuna Zambarau. Kwa macho inatisha: nyeusinyeusi, mabega ya kijani, kama kitu kilichosahauliwa stoo, na mimi mtunza stoo nimelaumiwa kwa ajili yake zaidi ya mara moja. Ukiikata ni nyekundu iliyokolea. Hukatwa vipande vinene, hunyunyiziwa chumvi, basi. Haitaki siki wala kitunguu, na kuipika ni kuitukana. Jina la Bi Chumvi lilitoka huko. Zambarau ndiyo ile ya kifurushi. Shangazi alishafariki, shamba lake limejengwa nyumba, na katika masoko yote aliyoyazunguka Bi Chumvi hakuiona tena. Ikipotea kwetu, imepotea.

Mwaka jana nusura ipotee. Jikoni kwetu, sufuria yenye chakula cha meza kuu hufungwa kitambaa chekundu kwenye mshikio, mhudumu asije akaipeleka kwingine. Kitambaa hicho hicho Bi Chumvi alikifunga bustanini kwenye vikonyo vya nyanya bora, kuonyesha kuwa hizo haziliwi, zinaachwa ziive kabisa kwa ajili ya mbegu. Mbegu kuukuu hakuweka. Kila msimu alizipanda zote na kuchukua mpya. Sisi wa zamani tulijua hayo. Fundi Supu, mpishi aliyehamia kwetu kutoka upande wa mikate, hakujua.

Siku ya ugeni wa bodi ya chuo, mwisho wa msimu, Bi Chumvi alikwenda kumzika wifi yake, akamwachia Fundi Supu jiko. Fundi Supu akaingia bustanini kutafuta nyanya za meza kuu, akazikuta zimeshafungwa kitambaa chekundu. Alimshukuru bosi wake kimoyomoyo kwa kumrahisishia kazi. Akazichuma zote, na kwa kuwa Zambarau ilikuwa ngeni kwake, akazimiminia siki.

Bi Chumvi alirudi wageni wakiwa bado mezani. Alipita bustanini, akaona mashina yaliyokauka hayana tunda hata moja. Alichukua bakuli na chujio, akaingia bwaloni na nguo zake za msiba, akaanza na mwenyekiti wa bodi, ambaye uma wake ulikuwa tayari hewani. "Niwie radhi baba, hiyo ni mbegu," akamwambia, akaichukua. Mwenyekiti akamsogezea na sahani ya jirani yake. Alipomaliza meza alihamia kwenye ubao wa kukatia, kisha kwenye ndoo ya makombo, mikono mpaka viwiko. Mkuu wa chuo alikuwa akitafuta pa kujificha. Sisi tulikuwa tukitafuta mbegu.

Lakini siki ilikuwa imeshafanya yake. Bi Chumvi aliziosha mbegu, akazikausha, akazipanda, na wiki zikapita trei ikiwa udongo mtupu. Fundi Supu alikonda. Alipotaka kuomba uhamisho, Bi Chumvi alimkatalia, akamwambia aliyechuma ndiye atakayemwagilia. Hatimaye vikachomoza vimiche viwili, na kimoja kikafa.

Hapo ndipo likizo yake ya kustaafu ilipofika, naye akaikataa. Ofisi ilimweleza kuwa ni haki yake. Alijibu kwamba haki yake anaijua, ila mche hauijui. Alikuja kila siku, akauwekea kivuli cha gunia na kijiti cha kuegemea. Upepo ulipovunja tawi, alilitia tawi lile majini mpaka likatoa mizizi, akapata mche wa pili. Machipukizi yaliyofuata aliyafanya vivyo hivyo. Ikazaa. Siku ya kuchuma tulimwona Bi Chumvi akilia, jambo ambalo hata vitunguu vya miaka yote hiyo havikuliweza. Hakuna aliyeonja hata kipande. Kila tunda lilikwenda kwenye mbegu.

Sasa kuna miche mingi kuliko bustani inavyoweza kubeba, na ndivyo alivyotaka. Anasema kosa halikuanza na Fundi Supu. Lilianza na yeye, alipoiweka Zambarau mahali pamoja, chini ya mikono ya mtu mmoja. Bustani na funguo amemkabidhi Fundi Supu. Kwenye sherehe hataki saa ya ukutani wala hotuba ndefu. Kila atakayehudhuria ataondoka na mche mmoja, mwenyekiti wa bodi akitangulia.

Bi Chumvi, umetulisha vizuri na umetufunza kutokata tamaa. Tunakushukuru kwa dhati. Nenda nyumbani, nawe ukapikiwe, Mungu akujalie afya na raha kati ya wanao na wajukuu. Umesema utapita nyumba kwa nyumba kuikagua miche, na tunakujua, hutanii. Karibu siku yoyote. Utaikuta imemwagiliwa.