Turbo Iliyokuwa Ikizuia Mlango

Amani iwe juu yenu nyote, ndugu zangu madereva, mautingo na mafundi, na kina mama mliosimama pale dirishani kwa kukosa viti. Mwenyekiti ameniomba niseme machache. Nimemwambia nitasema, ila nitakuwa nimeshika mgongo wa kiti hiki, maana miguu yangu haijazoea habari hizi. Sitataja jina la mtu. Wanaojijua watajijua.

Wengi wenu mnalikumbuka lile lori jipya la dizeli nililokabidhiwa wakati vita vya ng'ambo ya Ruvuma vimepamba moto. Lilikuwa lori langu la kwanza lenye turbo. Kina mama, turbo ni kidude chenye umbo la konokono, chenye feni mbili ndani. Moshi wa injini unazungusha ya kwanza, ya pili inasukuma hewa kwenye injini kwa nguvu, na gari linapata pumzi mara mbili. Ikichanganya inapiga mluzi. Utingo wangu aliupenda mluzi ule kuliko redio. Hakuwa kijana, alikuwa mtu mzima mwenzangu, amenizidi umri kidogo, mwenyeji wa Mahurunga, na mimi nilimwita kaka.

Siku yenyewe tulikuwa tumepakia korosho kutoka kule kwao. Desturi yake ilikuwa kukaa juu ya magunia, lakini asubuhi ile alikuwa na homa, meno yanagongana. Nikamwita, "Kaka, shuka, njoo ukae humu ndani." Akashuka, akaketi kushoto kwangu, akajifunika shuka. Njiani akawa ananieleza habari za mbuzi wake aliyezaa mapacha. Akasema, "Na yule wa pili ana..."

Basi. Mpaka leo sijui yule mbuzi wa pili alikuwa na nini.

Ndugu zangu, nawaambia jambo ambalo watu hawaniamini: mlipuko wenyewe sikuusikia. Niliona mchanga umesimama wima mbele yangu kama ukuta, halafu nikajikuta nimeketi barabarani nimeshika usukani, na usukani haukuwa na gari. Gurudumu la mbele kushoto lilikuwa limekanyaga bomu lililotegwa ardhini. Nani alilitega, hakujulikana. Korosho zilikuwa zinanyesha, naapa, zinatua kichwani mwangu moja moja, nami nazipangusa kama mtu anayefukuza inzi. Nikageuka kushoto kumwambia kaka tazama maajabu. Kushoto hakukuwa na kitu.

Hospitali walinishona, wakaniambia nina bahati. Nikarudi nyumbani Ufukoni. Masikio yalipofunguka ndipo balaa lilipoanza. Lori likipita barabara kuu, na mnajua nyumba yangu haiko mbali na barabara, najikuta chini ya kitanda na sikumbuki nimefikaje. Pikipiki ikikohoa, sahani inaniponyoka. Ni kama vile ule mlipuko ambao sikuusikia ulikuwa bado unanitafuta, na kila injini inayonguruma ndiyo yenyewe inakuja. Mimi, dereva! Mtu niliyekuwa nasinzia juu ya injini kama mtoto juu ya mgongo wa mama yake!

Watu walisema mengi. Kwamba nimeingiwa na majini. Kwamba nimerogwa na walioutaka usukani wangu. Wengine, na baadhi yenu mko humu ndani, siwalaumu, mlikuja mkanipiga begani mkasema, "Jikaze, wewe mwanamume." Ndugu zangu, mtu anayezama haambiwi ajikaze. Mke wangu akawa anauza mihogo ya kukaanga ili tule, mimi nimekaa uani nimeelekea ukuta. Mahurunga sikwenda. Mazishi ya kaka sikuyaona. Ningemtazamaje mjane wake? Mimi ndiye niliyemwita mumewe aketi kiti kile.

Sasa sikilizeni mke wangu alivyofanya. Ana kaka yake, mlamu wangu, fundi wa kuchomea vyuma bandarini. Mlamu huyu alikuwa ameachiwa gari na mzungu mmoja wa shamba la mkonge aliyekuwa anarudi kwao: kigari cha Kiingereza cha zamani, cha mashindano, viti viwili tu, hakina paa, taa zimetokeza kama macho ya kaa. Lilikuwa limekufa, limelala bandani kule Mtawanya, kuku wanatagia ndani. Siku moja mchana naona lango linafunguliwa, watu wanakisukuma kigari hicho uani kwangu. Nikasimama nikimbie.

Mke wangu akanizuia kifuani kwa mkono. "Tulia, baba. Injini iliyokufa haipigi kelele."

Kweli, halikupiga kelele. Likakaa pale kama mgonjwa mwingine aliyeletwa kulazwa pamoja nami. Siku ya kwanza sikulisogelea. Ya pili nikafunua boneti, nikaona panya wamejenga juu ya kabureta, nikasikia uchungu. Ndivyo nilivyoanza. Nikafungua silinda hedi, nikatoa pistoni zilizoganda kutu nikaziloweka kwenye mafuta ya taa, nikasaga valvu kwa mkono. Nikaona ajabu: mikono hii iliyokuwa ikimwaga chai, ikishika chuma inatulia. Nikikiacha inaanza upya. Basi nikawa sikiachi. Mlamu akija jioni anakuta nimepanga bolti juu ya mkeka kama mtu anayeanika dagaa.

Nilipofikiri nimeanza kupona, akaja mjane.

Alikuja asubuhi na gunia kichwani, ametembea na kudandia magari ya watu mpaka mjini. Mke wangu akampokea, akamkaribisha mkekani. Mimi nilikuwa nimeinama juu ya injini. Nilipoinua uso nikamwona, spana ikaanguka. Nilitaka kusema shikamoo, nikainama kuitafuta spana. Yeye hakuniangalia. Alifungua gunia, akatoa kitu, akakiweka chini mchangani mbele yangu.

Turbo.

Nikasema moyoni, ni turbo ya gari jingine. Lazima ni ya gari jingine. Nikaigeuza. Kwenye shingo yake kulikuwa na bolti moja ya shaba kati ya bolti za chuma. Bolti ile kaka aliichonga mwenyewe kwa tupa, siku moja tulipokwama njiani na ya asili imekatika. Ilikuwa ya lori langu. Ilikuwa upande wangu wa injini, ikapona kama mimi nilivyopona.

"Vijana waliokota vyuma kule," alisema. Kiswahili chake ni cha Kimakua, anakitoa taratibu. "Hiki waliniletea mimi. Nilikuwa nazuilia mlango, usipigwe na upepo. Nimesikia shemeji unatengeneza gari. Kiweke. Nataka kusikia ule mluzi alioniambia kila siku."

Nikalipuka kwa kilio. Nikamwambia yote. Kwamba nilimwita mimi, kwamba angebaki juu ya magunia, nyuma kabisa, labda angekuwa hai, kwamba kiti kile nilimpa mimi.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema, "Nilipoambiwa amekufa, niliuliza swali moja tu. Alikuwa wapi? Wakasema, wewe uliwaambia waliokuokota kwamba alikuwa ndani, amefunikwa shuka, anazungumza na mwenzake. Nikamshukuru Mungu. Mtu mwenye homa, nilidhani amekufa juani, juu ya magunia, peke yake." Akajifuta uso kwa ncha ya kanga. "Shemeji, wewe unalilia kitu ambacho mimi ndicho kinachonilaza usingizi."

Ndugu zangu, nimepigwa na bomu, mnajua. Lakini maneno yale yalinipiga zaidi. Niliduwaa pale mchangani. Ule mwaka mzima nilikuwa nimeubeba mzigo, na mwenye mzigo ananiambia si mzigo, ni mto wake wa kulalia.

Nikaiweka.

Haikuwa kazi rahisi, mafundi mnajua. Turbo ya lori kwenye injini ndogo ya petroli ni kumvisha mtoto koti la babu yake. Feni ilikuwa imeganda, tukailoweka mpaka ikakubali kuzunguka kwa kidole. Mlamu akachomea bomba la kupeleka moshi, akatengeneza jingine la oili. Kabureta tukaihamishia mbele ya feni, ili petroli na hewa viingie pamoja. Gasketi ya silinda hedi tukaikata kwenye bati la shaba, tukaifanya nene, maana pumzi ikizidi mule ndani pistoni inatoboka. Tulikosea, tukafungua. Tukakosea tena.

Siku ikafika ya kuwasha. Mlamu akashika hendeli, mimi nimesimama mlangoni, jasho linanitiririka na injini haijawaka. Akazungusha. Ikakohoa. Akazungusha tena.

Paa!

Nilipojijua nilikuwa kifudifudi kwenye shamba la mihogo la jirani, mdomo umejaa mchanga. Nikasema, basi, mimi si mtu tena. Nikasikia mtu anakuja, anakaa kando yangu. Ni mke wangu. Sikumwangalia. Nilingoja aseme jikaze.

Akasema, "Imefanya nini?"

"Imelipuka."

"Nimesikia. Imelipukia wapi?"

Nikachimba mchanga kwa vidole. Halafu, Mungu ni shahidi, mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Kwenye kabureta."

"Kwa nini?"

"Nyaya za plagi. Mbili zimebadilishana. Moto umewaka wakati valvu iko wazi."

"Basi nenda kazibadilishe, mihogo ya watu hii tunailalia."

Hapo ndipo nilipogeuka, ndugu zangu. Sikupona kwa dawa wala kwa kombe, yale maji ya maandishi ya dua, ingawa nililinywa. Nilipona pale niliposikia mlio mkubwa na mimi mwenyewe nikaueleza. Kwa mara ya kwanza tangu siku ile, mlipuko ulikuwa na sababu, na sababu ilikuwa na nyaya mbili ambazo mkono wangu ungeweza kuzichomoa. Nikainuka. Nikatema mchanga. Nikaenda nikazibadilisha, na injini ikawaka.

Sikuweza kusimama karibu. Niliisikilizia chumbani, mlamu akirekebisha kwa maneno yangu: punguza, ongeza, geuza kidogo. Siku iliyofuata nikasikilizia mlangoni. Baadaye nikafika kwenye boneti. Ilikuwa ikigonga kama kokoto ndani ya kopo, nikajua taiming imewahi, cheche inapiga mapema, nikairudisha nyuma. Plagi zikitoka nyeupe, naongeza petroli. Zikitoka nyeusi, napunguza. Siku plagi zilipotoka na rangi ya ganda la korosho iliyokaangwa, nilimtumia mjane salamu.

Alikuja amevaa kanga mpya. Nilikuwa nimepanga alisikilize likiwa limesimama, kisha tunywe chai. Yeye akaenda moja kwa moja upande wa kushoto, akafungua kile kimlango, akaketi.

Nikaganda. Kushoto kwangu, ndugu zangu. Kiti kile. "Dada," nikasema, "hapo... hapo siwezi."

"Viti viwili tu, shemeji. Nikae wapi?"

Nikamtazama mke wangu. Akaangalia pembeni, hakunisaidia. Nikaingia.

Tukatoka taratibu, tukashika njia ya kwenda Mikindani. Kila shimo nilikuwa naliona bomu. Nilikuwa najikuta natazama kushoto, kila mara, na kila mara yupo. Gari lilikuwa zito, turbo kubwa ile haikuwa imeamka, na mjane akasema, "Mluzi uko wapi? Nimetoka Mahurunga kusikia hiki?"

Nikapiga gia, nikakanyaga. Kimya. Kimya bado. Nikadhani tumeshindwa. Halafu ikaanza kwa mbali, nyembamba kama mbu, ikapanda, ikapanda, na ghafla kile kigari kikaruka mbele kama kimeng'atwa, vichwa vyetu vikagonga nyuma, ushungi wake ukapeperuka. Nikaondoa mguu kwa hofu. Nikageuka kushoto.

Alikuwa amefungua mdomo wazi, macho makubwa kama ya mtoto. Akapiga kibao kile kimlango, akapiga yowe:

"Ongeza!"

Nikaongeza. Tulikwenda tunalia na kucheka, watu njiani wanasimama kutushangaa, mpaka maji yakachemka kwenye rejeta, tukakaa kivulini kungojea yapoe.

Namshukuru Mungu. Namshukuru mjane yule, aliyekuwa na haki ya kunichukia akaniletea gunia. Namshukuru mlamu wangu na moto wake wa kuchomea. Mke wangu simshukuru hadharani, hapendi, ila mnamwona pale ameinamisha kichwa. Leo naendesha tena, lori dogo la mihogo, sijivuni. Bado zipo siku sahani inaniponyoka.

Somo langu ni hili. Mwenzenu akitetemeka, msimpige begani mkaondoka. Mpeni kitu cha kushika mkononi, mkae naye, na akiangukia shamba la mihogo, muulizeni mlio umetokea wapi. Mumngoje ajibu.

Na nyinyi mliopata ajali mkaacha usukani, nawajua, mko watatu au wanne humu ndani, mmekaa karibu na mlango kama nilivyokuwa nakaa mimi. Kigari nimekiegesha nje, upande wa pili wa ukumbi. Injini imezimwa. Leo sitakiwasha. Nendeni mkakishike tu.